Kumfundisha Mtoto Hesabu Nyumbani: Kitabu Gani, na Vijiti vya Nini?

Najua kurasa hizi za Chama chetu cha Kiswahili huwa zimejaa mashairi, vitendawili na methali, na huenda ukashangaa kuona hesabu zimepenya humu. Vumilia kidogo. Utaona huko mbele kwamba hata Kiswahili chenyewe kina neno la kusema katika jambo hili.

Muhula wa pili ulipoanza, kitindamimba wetu, kijana wa miaka sita, alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mfupa wa paja. Alifungwa plasta, na daktari akasema asahau shule kwa muhula mzima. Yeye yuko Gredi ya Kwanza katika huu mtaala wa umilisi. Baba yuko Mombasa kikazi, naye mama huuza nafaka sokoni hapa Voi. Hutoka alfajiri na kurudi magharibi. Basi mzigo ukaniangukia mimi, manake shule yetu ni ya kutwa na ikifika saa kumi na moja jioni huwa nimeshafika nyumbani. Kusoma na kuandika hakukunitisha. Hesabu ndizo zilizonitoa jasho, kwa sababu, na hapa nisidanganye kwa kuwa mwalimu wangu wa hesabu atayasoma haya, mimi mwenyewe hesabu hunipiga chenga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia dukani. Mama alinipa pesa alizokuwa ameniwekea za kununua sweta ya shule. Muuzaji akanionyesha kitabu chenye jalada la kung'aa, sungura amevaa miwani, ndani kurasa zaidi ya mia moja za maswali. Akaniambia ati mtoto akikimaliza hicho atakuwa mbele ya wenzake. Nikalipa shilingi 480 na kurudi nyumbani kifua mbele.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikuwa shwari. 2 na 3 ni 5, 4 na 5 ni 9. Kijana alikuwa anaweza kuimba namba toka moja hadi mia bila kupumua. Nikajiona mwalimu mkuu. Kisha tukafika ukurasa wa 24 + 8. Akafikiria, akahesabu vidole, akaandika 212.

Nikamwambia rudia. Akarudia, akaandika 212. Nikamwambia kwa sauti ya juu. Akaandika 212 huku machozi yakilowesha karatasi. Kesho yake niliporudi kitabu hakikuonekana, nikakipata kimesukumwa chini ya godoro. Nilipomuuliza, akanijibu akiangalia ukuta, "Kaka, mimi sina kichwa cha hesabu."

Maneno hayo yalinikata maini. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Niliyasema nikiwa darasa la nne na sijayaacha hadi leo. Mtoto wa miaka sita ameyapata wapi kama si kwangu?

Jirani yetu mmoja ni mwalimu mstaafu aliyefundisha madarasa ya chini miaka mingi. Sisi wote humwita Babu. Nilimwendea jioni hiyo hiyo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Nikamweleza yote, pamoja na ile 212. Hakucheka. Alijikongoja na mkongojo wake hadi kwetu, akaketi kando ya kitanda, akammwagia mtoto vizibo vya soda juu ya blanketi na kumwambia amhesabie 24. Mtoto akahesabu sawasawa. Babu akaandika 24 kwenye karatasi. Akaweka kidole kwenye ile 4, akauliza, "Hii ni vizibo vipi?" Mtoto akasogeza vizibo vinne. Akaweka kidole kwenye ile 2. "Na hii?" Mtoto akasogeza vizibo viwili.

"Na hivi vilivyobaki ni vya nani?" Babu akauliza. Vilikuwa vimebaki vizibo kumi na vinane. Kijana akavitazama, akanitazama mimi, kama kwamba nimevileta kwa makosa.

Hapo ndipo nilipoona shida iko wapi. Mtoto alijua wimbo wa namba na alijua kuandika namba, lakini hakujua kwamba ile 2 ni mafungu mawili ya kumi. Kwake 24 ilikuwa ni mbili na nne zilizokaa karibu, kama namba ya matatu. Kwa hivyo 4 na 8 ni 12, ile 2 ikae mbele yake, jumla 212. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa amefuata kile alichofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi pamoja na sungura mwenye miwani.

Sasa nianze na vitabu. Kuna kitabu cha mwanafunzi na kuna mwongozo wa mwalimu, na wazazi wengi hununua cha kwanza pekee wakidhani cha pili ni majibu tu. Mtoto anayefundishwa nyumbani na mtu asiye mwalimu anahitaji zaidi ule mwongozo, kwa sababu asiyejua kufundisha ni mimi, si yeye. Babu alinipa njia ya kuupima ukiwa umesimama pale pale dukani. "Fungua mahali wanapofundisha kutoa kwa kukopa. Ukikuta wamesema tu mweleze mwanafunzi akope kumi, kirudishe kwenye rafu. Ukikuta wamekwambia mtoto ashike nini, afanye nini na hicho alichoshika, wewe umuulize swali gani, na akikosea kosa lake lina maana gani, hicho kinunue hata kama karatasi zake ni za kijivu."

La makosa ndilo kubwa. Kitabu changu cha shilingi 480 kilikuwa na majibu yote nyuma, lakini hakikuwa na mstari hata mmoja wa kunieleza mtoto anayeandika 212 anawaza nini. Mwalimu wa kijana wetu alituazima mwongozo anaoutumia darasani, nasi tukawa tunaurudisha Jumatatu na kuuchukua Ijumaa. Ulikuwa umechakaa na jalada limetoka, lakini mlikuwa na yote aliyoyataja Babu. Kabla ya kununua, uliza pia kama kitabu kimeidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD. Idhini si hirizi, lakini angalau unajua kwamba mpangilio wake unafuata mtaala ule ule ambao mtoto ataukuta akirudi darasani. Na usichukue kitabu kinachodai vifaa usivyoweza kupata. Nilimwona mtu na mwongozo wa kutoka ng'ambo, mzuri kweli kweli, lakini kila somo lilitaka sanduku la vifaa vya plastiki ambalo hakuwa nalo, basi akabaki kutazama picha.

Sasa vifaa. Hili la kumpa mtoto kitu ashike halikuanza jana. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto mjini Rome mwaka 1907, na miongoni mwa vifaa vyake kuna shanga za rangi ya dhahabu: shanga moja peke yake, shanga kumi zilizotungwa kwenye waya, mia zilizounganishwa kuwa mraba, na elfu zilizopangwa kuwa mchemraba. Mtoto akishika waya wa kumi anaona kwa macho kwamba ni moja mara kumi. Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, alitengeneza vijiti vya mbao vya rangi na kutoa kitabu chake mwaka 1952. Kile cheupe kina urefu wa sentimita 1, chekundu 2, cha njano 5, hadi cha rangi ya chungwa ambacho ni 10. Ukiweka chekundu na cha njano kwa mstari mmoja, utapata urefu sawa na kile cheusi, ambacho ni 7, na mtoto ataliona hilo hata kabla hujatamka neno kujumlisha.

Vijiti hivyo nilijaribu kuvitengeneza kwa katoni ya biskuti. Nilipima ovyo kwa rula iliyovunjika kichwa, matokeo yake vipande vitatu vya 3 vikawa virefu kuliko kimoja cha 9, na kijana akanifundisha mimi kwamba tatu mara tatu ni tisa na kidogo. Nikavitupa jikoni. Kifaa cha kupima urefu kikiwa hakipo sawa kinafundisha uongo, afadhali usiwe nacho.

Babu aliniambia nianze na vile vinavyohesabika kimoja kimoja na vinavyofungika pamoja. Hili la kufungika ndilo sikuwa nalijua. Mimi nilidhani kitu chochote kinafaa mradi ni vingi. Vizibo ni vizuri kwa moja hadi kumi, lakini kumi ukivikusanya vinabaki rundo, na rundo la kumi na rundo la kumi na moja huwezi kuyatofautisha kwa jicho. Isitoshe kijana alianza kuvipanga kwa aina ya soda na kuvishindanisha mbio kama magari ya safari rally, tukasahau hesabu kabisa. Maharagwe yanabiringika, na mengine yaliishia sufuriani. Tena kama nyumbani kuna mtoto mdogo zaidi, usiache maharagwe wala shanga sakafuni, kwa kuwa ataviweka puani au mdomoni kabla hujageuka. Komwe za bao ni bora zaidi, ni kubwa kiasi na zinakaa vizuri mkononi, na bao lenyewe lina mashimo 32 na kete 64, shule tosha kwa mtoto aliyekwisha kujua kuhesabu. Lakini nazo hazifungiki.

Basi tulichochagua ni chelewa za ufagio. Nilichukua ufagio wa mama, nikakata vipande 100 vya urefu wa kidole, vyote sawa, nikasugua ncha zisimchome. Uzi wa kufungia niliuchambua kwenye kamba ya mkonge, na mkonge hapa kwetu Taita Taveta si kitu cha kutafuta. Gharama ya kifaa hiki ilikuwa sufuri, ukiondoa yale niliyoambiwa na mama alipotaka kufagia asubuhi.

Kazi yenyewe iliendelea hivi. Siku tatu hatukuandika chochote. Namwambia nipe kumi na nne, anahesabu, na akifika kumi anafunga. Anafunga yeye, si mimi. Nilipomfungia ili tuende haraka, alianza tena kuliita fungu "moja". Akishafunga mwenyewe kwa uzi wake, anajua ndani mna kumi kwa sababu ni yeye aliyezitia. Baadaye tukarudi kwenye 24 na 8. Akaweka mafungu mawili na vijiti vinne, akaongeza vijiti vinane. Vijiti vilivyo nje vikawa kumi na viwili. Sikusema kitu. Aliviangalia muda mrefu hivi, kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye uzi. Akafunga kumi. Mafungu matatu, na viwili nje. Akaandika 32, akaniuliza, "Kaka, ile mia mbili ilitoka wapi?"

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Nilikuwa nimeanza kumfundisha kwa Kiingereza kama kitabu kilivyo. Lakini Kiingereza kina jina la peke yake kwa kumi na moja na jingine kwa kumi na mbili, na ukiyasikia husikii kumi hata kidogo. Kumi na tatu nayo hutangulizwa ile tatu, ndiyo maana mtoto huandika 31. Lugha yetu inasema kumi na tatu, waziwazi, fungu na vijiti vitatu nje. Mtoto anasikia sikioni kile anachokiona mkononi. Marafiki zetu wa Kisii wamekwenda mbele zaidi, kwani kwa Ekegusii sita husemwa kama tano na moja, saba kama tano na mbili: mkono mmoja na vidole vya pili.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Sita, saba na tisa tumezichukua kwa Waarabu (kenda yetu ya zamani siku hizi huisikii sana), na vilevile ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na kuendelea. Kwa Mwarabu arobaini inafanana na nne yake na hamsini na tano yake. Kwa mtoto wa Voi arobaini haimwonyeshi nne popote. Kwa hiyo majuma mawili tulisema makumi mawili, makumi matatu, makumi manne na tano. Mama alidhani tumerukwa na akili. Baada ya hapo nikamwambia kwamba makumi manne jina lake la mtaani ni arobaini, akalipokea kama mtu anavyopokea jina la utani la rafiki anayemjua tayari.

Kutoa ndiko kulikonifunza mimi. 32 kutoa 7. Ana mafungu matatu na vijiti viwili, nami nataka saba. Akanipa viwili, akasita. "Vingine vimefungwa," akasema. Nikamuuliza tufanyeje. Akafungua fungu moja, akanihesabia vitano, vikabaki vitano na mafungu mawili. Nilikaa pale nimeduwaa. Miaka yote hii nimekuwa nikikata tarakimu na kuandika kijimoja kidogo pembeni, nikisema "nakopa" kama nilivyoambiwa, na sijawahi kujiuliza nakopa kwa nani wala nitalipa lini. Kumbe hakuna anayekopa! Ni fungu limefunguliwa. Vijiti ni vile vile.

Pesa je? Wengi husema mfundishe kwa sarafu, ndizo atakazotumia. Nilijaribu mapema mno. Mtoto alichagua shilingi tatu za twiga akaacha shilingi 10 ya simba, kwa kuwa zile ni tatu na hii ni moja. Ana haki. Sarafu ya kumi haina moja kumi ndani yake, huwezi kuifungua, na wala si kubwa mara kumi. Ni mapatano tu ya watu wakubwa. Sarafu zilikuja mwezi wa pili, baada ya mafungu kuzoeleka, na hapo zikaingia bila taabu; simba ni fungu ambalo uzi wake hauonekani.

Kuna upande wa pili ambao Babu alinionya nao, wa kumwachia mtoto vijiti hadi aote ndevu. Jerome Bruner, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba mtu hukijua kitu kwa kukitenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Shule za Singapore zimejulikana kwa kupanga hesabu kwa ngazi hizo: kitu, picha, tarakimu. Sisi tulifanya kwa leso ya mama. Namwekea mafungu na vijiti, anaona, nafunika kwa leso, namuuliza nikitoa vinne chini ya hii leso vinabaki vingapi. Ikabidi avione kichwani. Akikwama anafunua. Kisha tukachora: mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja. Mstari mmoja ukifunguliwa unakatwa na nukta kumi zinachorwa kando. Mwisho ndio tarakimu tupu. Na kila alipoandika jibu la ajabu hatukupiga kelele, tulirudi ngazi moja chini, kwenye nukta au kwenye vijiti, akalitafuta kosa mwenyewe. Kile kitabu cha sungura tukakitoa chini ya godoro wakati huo. Kwa mazoezi hakikuwa kibaya. Ubaya wake ni kwamba nilikianza mwisho.

Plasta ilitolewa Agosti na muhula wa tatu kijana akarudi shule akichechemea. Mwalimu wake alimwambia mama kwamba kwa hesabu yuko sambamba na wenzake. Kwa kusoma amebaki nyuma kidogo, na lawama hiyo ni yangu, maana mimi na vijiti vyangu tulisahau hadithi. Sweta bado sijaipata. Juzi nilikuwa nahangaika na hesabu zangu za kidato cha tatu, nimekwama kwenye kutoa kwa kizio cha mbili, akaja akachungulia begani kwangu na kuniuliza kwa nini nisifungue fungu. Nikamwambia hizi si za kumi. Akauliza mafungu yake ni ya ngapi. Nikasema ya mbili mbili. "Si ufungue tu," akasema, akaenda zake kucheza. Nilifungua, ikatoka.

Vijiti hivyo hubeba kwenye mkoba wangu siku za Ijumaa. Mwenye mdogo wake nyumbani na angependa kuona vinavyofungwa anipate darasani kwetu saa kumi, kabla sijashika njia. Kuondoka navyo sitakubali. Vilikuwa 100, na sasa vimebaki 97.